Barua ya wazi kwa bodi za mashirika ya elimu Mombasa: kikao kikiahirishwa, karo nayo huahirishwa

Kwa wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wajumbe wote wa bodi za mashirika ya elimu ya kijamii, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Ndugu wajumbe,

Tunawaandikia sisi walimu, wahasibu na wakaguzi wa hesabu tunaofanya kazi na mashirika mnayoyasimamia. Mnaifanya kazi hii bila mshahara. Mnaacha maduka, ofisi na familia zenu kwa ajili ya watoto msiowazaa, na wengine mnatoa nauli na hata karo mifukoni mwenu. Tunalijua hilo na tunalithamini. Hata hivyo kuna jambo ambalo bodi nyingi hazijaambiwa waziwazi: uamuzi ambao bodi haikuufanya kwa wakati humfikia mtoto kama karo isiyolipwa, na ni yeye anayerudishwa nyumbani kutoka langoni mwa shule. Kujitolea kwenu hakupunguzi wajibu huo hata kidogo.

Tuanze na karo, maana ndiko makosa yanakoonekana mapema. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 hufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, kuelekea mwisho wa mwaka, hupangiwa shule ya sekondari ya juu, na Januari anatakiwa asimame mbele ya karani wa shule akiwa na sanduku, godoro, sare na nusu ya karo. Kwa mwongozo wa wizara, shule ya umma ya bweni ya daraja la juu hutoza shilingi 53,554 kwa mwaka, na zile za daraja linalofuata 40,535. Fedha hizo hazigawanywi sawa kwa mihula mitatu. Mgao ni 50, 30 na 20 kwa mia. Kwenye ile shule ya 53,554, muhula wa kwanza peke yake unadai 26,777, wa pili kama 16,066 na wa tatu kama 10,711. Bodi iliyopanga bajeti kwa kugawa mwaka kwa tatu huingia Januari ikiwa imepungukiwa na karibu shilingi 9,000 kwa kila mtoto, kabla hata ya kununua godoro.

Kosa kubwa kuliko hilo ni la hesabu ya miaka. Bodi ina shilingi 1,100,000 benki, inataka kuchukua watoto 20, inazidisha 20 kwa 53,554, inapata 1,071,080, na wajumbe wanaona fedha zimetosha. Lakini sekondari ya juu ni miaka 3. Kumkubali mtoto mmoja ni kuahidi 160,662, na kuwakubali 20 ni kuahidi 3,213,240. Mkichukua 20 wengine mwaka wa pili na 20 wengine wa tatu, mtakuwa na watoto 60 madarasani kwa wakati mmoja, na kila mwaka mtadaiwa hizo hizo 3,213,240. Nusu yake, yaani 1,606,620, itatakiwa Januari, wakati ambapo wafadhili wengi wamefunga hesabu za mwaka na fedha mpya hazijatoka. Anayeumia hapo mara nyingi si mtoto mpya, kwa sababu yeye ana hafla ya kukaribishwa na mfadhili anataka kuona jina lake. Anayeumia ni yule wa Gredi ya 11, aliyekwisha kuzoea shule, ambaye jina lake halitajwi tena kwenye kikao chochote.

Dawa yake ni karatasi moja, tuiite jedwali la ahadi. Kila mtoto ana mstari wake: jina, nambari yake ya usajili shuleni, gredi aliyopo, karo iliyobaki mwaka huu, karo ya miaka iliyobaki, na nani mwingine anamlipia. Jumla ya chini ndiyo deni lenu, hata kama hakuna aliyeliandika popote. Kikao cha Septemba kiisome jumla hiyo kwanza, kisha kihesabu fedha zilizothibitishwa kwa barua. Ahadi ya mdomo ya mgeni aliyepita hotelini isiingizwe. Kinachobaki baada ya kutoa deni la waliomo ndicho cha kuchukulia watoto wapya. Ikiwa mfadhili wenu hutoa fedha za mwaka mmoja mmoja, basi wekeni pembeni angalau karo ya mwaka mzima ya watoto wote waliomo kabla ya kufungua maombi. Na mzazi aambiwe kwa maandishi msaada ni wa muda gani, unalipa nini, na usicholipa ni nini. Mzazi akijua mapema kwamba godoro na nauli ni juu yake, atajipanga. Akiambiwa Januari, atakopa.

Karo ilipwe kwenye akaunti ya benki ya shule, kwa nambari ya usajili ya mtoto, na isipitie mkononi mwa mzazi, mwalimu mkuu wala afisa wenu. Risiti ya shule irudi ofisini, na mwisho wa kila muhula muombe shule taarifa ya akaunti ya kila mtoto. Taarifa hiyo huonyesha mambo ambayo risiti haiwezi kuonyesha: mtoto aliyehama, mtoto aliyeacha shule, na mtoto aliyelipiwa mara mbili. Watoto wengi mnaowasaidia wameomba pia basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneobunge, na ya kaunti. Hundi hizo zikifika baada yenu, akaunti ya mtoto inakuwa na salio la ziada, na salio hilo linakaa shuleni bila mtu kulidai wakati mtoto mwingine amerudishwa nyumbani. Linganisheni orodha zenu na shule kila muhula, na pale penye ziada mwandikieni mkuu wa shule ahamishie muhula unaofuata.

Tuna maoni kuhusu shule za kutwa pia, na tunajua hayatapendwa na kila mtu. Bodi nyingi hujivunia watoto wawili watatu walioko shule kubwa za bweni za mbali, ilhali mtaani kwao, Bombolulu au Bangladesh au Mtongwe, kuna watoto waliopangiwa shule ya kutwa ambao wanakosa masomo kwa sababu ya chakula cha mchana na sare. Serikali hupanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na masomo yenyewe hayatakiwi kutozwa. Fedha inayomweka mtoto mmoja bwenini inaweza kuwalisha na kuwavisha kadhaa wa kutwa. Hatusemi mwache mabweni, hasa kwa msichana ambaye nyumbani si salama. Tunasema chaguo hilo lifanywe na bodi kwa hesabu mezani, lisijifanye lenyewe kwa sababu jina la shule linapendeza kwenye ripoti.

Sasa fedha za shirika lenyewe. Malipo yoyote yapite kwa watu watatu: anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa. Shirika likiwa na wafanyakazi wawili tu, mweka hazina wa bodi awe wa tatu. Watia saini benki wawe watatu, sahihi mbili zitoshe, wasiwe ndugu, na anayeandika daftari la fedha asiwe miongoni mwao. Hundi tupu isitiwe saini kamwe, hata kama mwenyekiti anasafiri kesho. Nambari ya Paybill iwe kwa jina la shirika na fedha zake zihamie akaunti ya shirika. Mchango usiingie kwenye simu ya mkurugenzi hata siku moja, maana baada ya hapo hakuna mkaguzi atakayeweza kutenganisha mchango na unga wa nyumbani kwake. Taarifa ya benki itumwe na benki moja kwa moja kwa mweka hazina. Ikipitia kwanza kwa mhasibu wa ofisi, mnachosoma ni kile alichochagua msome. Kufikia tarehe 10 ya kila mwezi, daftari na taarifa ya benki vilinganishwe, tofauti iandikwe kwa maneno, na mweka hazina atie saini. Fedha ndogo za ofisi ziwe na kiwango kisichobadilika, tuseme shilingi 20,000, zijazwe kwa kiasi cha risiti zilizoletwa, na mjumbe mmoja azihesabu siku isiyotangazwa.

Watia saini wanastahili neno la zaidi, kwa sababu hapa ndipo mashirika ya mji huu yanapokwama kabisa. Mmoja ameenda Ghuba kikazi, mwingine amefariki, wa tatu amegombana na mwenyekiti. Benki inashikilia akaunti, na ina haki ya kufanya hivyo, mpaka ione kumbukumbu za kikao chenye akidi kilichowachagua wapya, vitambulisho na nambari zao za kodi (PIN), na uthibitisho kwamba majina ya viongozi yamebadilishwa kule mlikosajiliwa. Mlolongo huo huchukua wiki, na wakati mwingine miezi, ikiwa mabadiliko ya viongozi hayakupelekwa kwa msajili miaka iliyopita. Fanyeni mabadiliko hayo mwezi ule ule wa uchaguzi. Kabla mjumbe hajasafiri kwa muda mrefu, ajiondoe kwenye saini akiwa bado yupo.

Fedha zenye masharti ni jambo la pili linaloangusha mashirika. Mfadhili ametoa fedha za vitabu. Mishahara imefika, akaunti ya jumla ni tupu, mkurugenzi anachota kwenye vitabu akikusudia kurudisha. Mwezi unaofuata harudishi, kwa sababu mishahara imefika tena. Ripoti ya mfadhili inapodaiwa, vitabu havipo, na kinachofuata ni ama uongo au aibu. Mji huu unaijua amana. Tume ya Wakfu ina ofisi yake papa hapa Mombasa, na mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, anaelewa kwamba mali aliyoshika si yake, kwamba hawezi kuikopesha wala kuibadilishia lengo alilolitaja aliyeitoa. Shikeni fedha za mfadhili kwa sharti hilo hilo. Kivitendo: kila taarifa ya fedha inayoletwa kikaoni iwe na salio la benki lililogawanywa kwa wenyewe. Isiandikwe “benki tuna 900,000” ikaishia hapo. Iandikwe 620,000 ni za vitabu, 230,000 ni za karo za muhula wa pili, na zetu wenyewe za kuendeshea ofisi ni 50,000. Mjumbe akiiona hiyo 50,000 atauliza swali sahihi. Akiona 900,000 atakunywa chai na kwenda nyumbani.

Akiba ijengwe hadi itoshe miezi 3 ya mishahara, kodi na umeme. Kama matumizi hayo ni 280,000 kwa mwezi, lengo ni 840,000. Haipatikani kwa mwaka mmoja, lakini bajeti isiyo na mstari wa akiba haitaipata hata kwa miaka kumi.

Makato ya mishahara msiyaachie ofisi peke yake. Kodi ya mapato ya wafanyakazi, mchango wa uzeeni wa NSSF, mchango wa afya wa SHIF wa 2.75 kwa mia na ushuru wa nyumba wa 1.5 kwa mia kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 kutoka kwa mwajiri, vyote hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Shirika likibanwa na fedha, hivi ndivyo vya kwanza kurukwa, kwa kuwa hakuna anayepiga kelele siku hiyo. Kelele huja baadaye, mwalimu anapofika dirisha la hospitali na mtoto mgonjwa na kuambiwa michango yake haijaingia, ingawa hati yake ya mshahara inaonyesha imekatwa. Mweka hazina adai kuona stakabadhi za malipo kila mwezi. Dakika tano zinatosha.

Kuhusu vikao: vinne kwa mwaka vinatosha ikiwa karatasi zimetumwa siku 7 kabla na watu wamezisoma. Karatasi ni tatu tu: taarifa ya fedha ya ukurasa mmoja, jedwali la ahadi, na orodha ya matukio na hatari. Ajenda zianze na maamuzi. Taarifa ndefu za shughuli zisomwe nyumbani. Kikao kikianza na ripoti ya mkurugenzi ya saa nzima, suala la karo litafika wakati nusu ya wajumbe wameondoka na akidi imevunjika, na uamuzi uliofanywa bila akidi hauna nguvu.

Saa na mahali navyo ni siasa, hata kama hamkukusudia. Kikao kikiwekwa mjini saa kumi na moja jioni katikati ya wiki, mjumbe wa Likoni anavuka feri msongamano ukiwa umepamba moto, mjumbe wa Miritini yuko kwenye foleni ya malori, Magharibi inaingia katikati ya hesabu, na wanawake kwenye bodi wanaanza kuaga ili wafike kwao kabla ya giza. Baada ya mwaka mmoja wa vikao hivyo, bodi inabaki na wanaume watano wa kisiwani, kisha watu hushangaa kwa nini maamuzi hayaijui Likoni. Fanyeni Jumamosi asubuhi, mzungushe mahali, kimoja kisiwani na kinachofuata bara, na kalenda ya mwaka mzima itolewe Januari ikiwa tayari imekwepa Ramadhani na wiki za kufungua shule. Nauli irudishwe kwa kila mjumbe kwa kiwango kimoja kinachojulikana. Posho ya kikao msiilipe. Shirika likianza kulipa posho, litapata wajumbe wanaopenda vikao vingi.

Kumbukumbu ziandikwe ndani ya siku 7, na kila azimio liwe na mambo matatu: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Kundi la WhatsApp ni la kukumbushana. Dole gumba si kura. Jambo la dharura likiamuliwa huko, liingizwe kwenye ajenda ya kikao kinachofuata, lithibitishwe na liandikwe, la sivyo miaka miwili baadaye hakuna atakayejua nani aliidhinisha ununuzi ule wa gari.

Bodi yenyewe iwe ya watu 7 hadi 9. Awepo anayejua hesabu, awepo mwalimu, awepo anayejua sheria, na wawepo wazazi wa mtaa mnaouhudumia. Mpango wa elimu ya awali ya madrasa ulioanzia hapa Mombasa mwaka 1986 uliziweka chekechea mikononi mwa kamati za mtaa, na wazazi wasio na shahada wakaonyesha kwamba wanaweza kusimamia shule ya watoto wao. Kwa hiyo msituambie hakuna wazazi wenye uwezo. Mzazi wa Ziwa la Ng'ombe anajua kabla ya ripoti yoyote ni mtoto gani amekuwa akiuza maji badala ya kwenda shule. Kipindi kiwe miaka 3, mtu aruhusiwe vipindi viwili, na vipindi vya theluthi ya wajumbe viishe kila mwaka ili kumbukumbu isipotee yote mara moja. Hili linamhusu mwanzilishi pia. Shirika ambalo mwanzilishi ni mwenyekiti, mkewe ni mweka hazina na shemeji ni mkurugenzi linaweza kufanya kazi njema kwa miaka, lakini siku likikosea hakuna aliyemo ndani anayeweza kusema, na wafadhili makini hawalipi fedha kwenye bodi ya nyumba moja.

Mjumbe mwenye duka la sare anaweza kuliuzia shirika sare, mradi amesema mapema kwamba duka ni lake, bei tatu zimeletwa kwa maandishi, ametoka chumbani wakati wa kuamua, na yote hayo yameandikwa. Likikosekana moja, msinunue kwake, hata kama bei yake ni nafuu kweli.

Na mkishamwajiri mkurugenzi, mwacheni afanye kazi. Mjumbe akienda ofisini Jumanne kumwagiza karani, anavunja mamlaka aliyompa mkurugenzi Jumamosi. Bodi ina sauti ikiwa imekaa kikao. Nje ya hapo hata mwenyekiti ni mtu mmoja. Kazi yenu kwa mkurugenzi ni kumpa malengo ya maandishi, kumtathmini mara moja kwa mwaka, na kuwa na ujasiri wa kumwondoa inapobidi.

Tumefika kwenye usalama wa watoto, na hapa tunawaomba msome polepole. Kila mfanyakazi na kila mtu wa kujitolea anayekutana na watoto alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kinachoombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kwa shilingi 1,050. Cheti hicho huonyesha rekodi ya polisi tu. Hakimwonyeshi mtu aliyehamishwa kimyakimya kutoka shule moja hadi nyingine. Kwa hiyo pigeni simu kwa waajiri wawili waliopita na muulize moja kwa moja: mngemruhusu arudi kufanya kazi na watoto? Pwani yetu hupokea wageni wengi, na si kila anayekuja na mipira na peremende ana nia njema. Mgeni asibaki peke yake na mtoto, asimchukue mtoto hotelini wala ufukweni, asibadilishane naye nambari za simu, na zawadi zipitie ofisini. Sheria hii imhusu pia mfadhili mkubwa kuliko wote. Mfadhili mwema ataielewa.

Likitokea jambo, yaani mtoto akidhulumiwa kingono, bodi haichunguzi na bodi haisuluhishi. Kwenye mji wetu kuna mazoea ya kumaliza mambo nyumbani, kwa maslaha, wazee wakikaa, fidia ikatolewa, na mtoto akarudishwa darasani kwa mtu yule yule. Huko ni kuficha kosa la jinai, na mjumbe aliyekaa kwenye kikao hicho ameshiriki. Hatua ni hizi: mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe, taarifa ipelekwe polisi kwenye dawati la jinsia na kwa afisa wa watoto, mshukiwa aondolewe kazini mara moja wakati uchunguzi ukiendelea. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo. Na muwe mmeamua leo, kabla ya tukio lolote, malalamiko yanaenda kwa nani ikiwa anayelalamikiwa ni mkurugenzi mwenyewe. Awe mjumbe mmoja anayejulikana, ikiwezekana mwanamke, nambari yake ibandikwe mahali watoto wanaweza kuisoma bila kuonekana wakiisoma.

Picha ni sehemu ya usalama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, iseme picha itatumika wapi na kwa muda gani, na mzazi anaweza kukataa bila mtoto kunyimwa msaada. Hata ridhaa ikiwepo, picha, jina kamili, shule na mtaa visiwekwe pamoja.

Kitu kimoja bodi karibu zote hazikiulizi: watoto wanajifunza? Ripoti hujaa “walionufaika 400”. Kipimo rahisi kipo. Mpeni mtoto hadithi fupi ya kiwango cha Gredi ya 2, kama zile ambazo tathmini za kusoma za shirika la Uwezo zimekuwa zikitumia Afrika Mashariki, na muone anaishia wapi: hajui herufi, anajua silabi, anasoma neno, anasoma aya, anasoma hadithi yote. Mtoto mmoja huchukua dakika chache. Pimeni Februari, Juni na Oktoba, watoto wale wale, na mlete kikaoni idadi ya kila ngazi. Ikiwa watoto 12 walikuwa kwenye silabi Februari na 11 bado wako hapo Juni, tatizo ni ufundishaji, na kununua vitabu zaidi hakutasaidia. Huenda wamekalishwa kwa umri badala ya ngazi. Huenda mwalimu wenu wa jioni anawapa kazi ya nyumbani ya shule wakati hawawezi kuisoma.

Kwa usajili tutasema machache. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuondoa ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Wengine wenu mmesajiliwa kama kikundi cha jamii, wengine kama kampuni isiyo na hisa, wengine kama amana, na kila njia ina msajili wake na marejesho yake ya kila mwaka. Katibu aweke faili moja lenye cheti, katiba, PIN, marejesho yaliyowasilishwa na cheti cha msamaha wa kodi ya mapato, ambacho hudumu miaka 5 na maombi ya kukihuisha yaanze miezi kadhaa kabla hakijaisha.

Tunayoomba mfanye kabla ya muhula ujao ni haya. Itisheni kikao kimoja cha kazi. Andaeni jedwali la ahadi mtoto kwa mtoto, hata likiwatia hofu. Gawanyeni salio la benki kwa wenyewe. Hakikisheni kila mtia saini yupo, hai, na jina lake ni lile lililoko kwa msajili. Mteue mjumbe wa kupokea malalamiko ya watoto. Kisha wekeni mapato na matumizi ya mwaka kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mwubandike kwenye ubao wa ofisi mahali mzazi anaposubiri zamu yake. Wazazi watauliza maswali. Pangeni nani atawajibu, na siku gani ya wiki.

Walimu, wahasibu na wakaguzi wa hesabu wa mashirika ya elimu,
Mombasa